Mforosadi Upi, Mama?

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hadi leo sijui kama naikumbuka au naiota: mama yangu ameketi kwenye ngazi za nyumba yetu ya kupanga pale Ruiru, midomo myeusi tii, anakula jamu ya forosadi kwa kijiko huku akiimba. "Onja," akaniambia. "Hii ni dawa."

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na alipenda vitamu. Wee, hapo pana vita! Hakuwa akigusa andazi bila kutazama nyuma. Basi jirani akamwambia kuwa mforosadi, ule mti ninyi vijana mnaouita malberi, hushusha sukari. Mama hakungoja amalize. Akaenda Thika kwa dada yake, Tata Njoki, aliyefuga viwavi wa hariri na kuwalisha majani ya miti hiyo, akarudi na ndoo ya matunda yaliyoiva. Akayapika na sukari, akaziweka dawa zake za hospitali juu ya kabati, asizinywe tena. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Nilifurahi kumwona akicheka.

Usiache mbachao kwa msala upitao. Jamu ilipofika nusu, mama alikuwa akinywa maji asitosheke, akisinzia hata hajamaliza kusema. Asubuhi moja akanishika uso, akaniuliza, "Mbona umejaza moshi humu ndani?" Hapakuwa na moshi. Ngai! Tukamkimbiza hospitali.

Aliporuhusiwa, Tata alitupeleka kwenye banda lake. Mle ndani mwanga ulikuwa wa kijani, nakwambia, na viwavi walikula kwa sauti ya manyunyu juu ya mabati. Tukasimama tu, tukisikiliza. Halafu akatutoa nje, akamshika mama mkono na kumgusisha matawi, mti baada ya mti.

"Huu una majani mapana, matunda machache. Huu matunda yake ni meusi. Huo weusi una faida mwilini, lakini utamu wake nao ni sukari. Ule huzaa meupe, matamu, weusi huo hayana. Kile wanachosema huchelewesha sukari kuingia kwenye damu kiko zaidi kwenye majani, na hata majani, ya mti huu si sawa na ya ule. Yote ni miforosadi. Wewe ulisikia jina, ukakimbia. Mbona hukuniuliza, dada yangu? Na ukaongeza sukari!"

Mama akasema, "Nilitaka tu kula kitu kitamu bila kuogopa."

Tata, mkali yule kama pilipili, akalia. Nami nikalia. Jicho moja la mama halikuona vizuri tena.

Ndiyo maana uliponionyesha kwenye simu ule unga wa majani ya mforosadi kwa ajili ya sukari yako, nimekusimulia haya kwanza. Sisemi ni uongo. Lakini kuuliza si ujinga: uliza ni mti upi, ni jani au tunda, kimeongezwa nini, na daktari wako ajue kabla hujaziweka dawa zako kando. Jina ni moja, vilivyomo ni vingi. Na ukimwona mgonjwa akishangilia, usifurahi tu kama mimi. Kaa naye, umuulize anaogopa nini.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe utamu usiokudai chochote.