Bakuli la Bibi Sarinten

Wening hajawahi kuiokoa dunia hata mara moja, na hana mpango huo. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, akikodi kompyuta kwa saa katika duka la intaneti nyuma ya soko la Salatiga, mji wa Java, wenzake walikimbilia kumuua jitu la mwisho la gemu. Yeye alizunguka magofu ya dunia iliyoteketea akimtafutia mtu asiye na jina kiatu chake cha kushoto. Walimcheka mpaka wakachoka. Akikipata kiatu anakipeleka, anasikiliza maneno mawili ya shukrani, anaondoka kutafuta mwingine mwenye shida. Alipenda kazi za pembeni, zile ambazo hata ukiziruka gemu haikulaumu.

Sasa ana miaka ishirini na tisa na analipwa kwa ugonjwa huohuo. Wako saba katika nyumba ya kupanga inayovuja, wanatengeneza gemu ya Java iliyobaki majivu baada ya vita, na kazi zote za pembeni ni za Wening. Yupo mtangazaji wa redio anayeendelea kusoma salamu za siku ya kuzaliwa kwa watu waliokwisha kufa. Yupo kinyozi aliyebakiwa na mteja mmoja, naye ana upara. Na yupo Bibi Sarinten.

Huyu bibi ndiye aliyeleta ugomvi. Anaishi kwenye behewa la treni lililoanguka. Anakupa uji wa muhogo katika bakuli la bati, kisha anafunga mlango. Basi. Hakuna mshale wa kukuelekeza wala maelezo. Ukimrudishia bakuli anasema asante, anafunga tena. Kumbe nyuma ya mlango huo Wening ameficha kitu anachokipenda kuliko vyote alivyowahi kuandika: dakika nne za bibi akisimulia jinsi mtaa wake ulivyonukia asubuhi, kabla ya moto. Mlango unafunguka kwa njia moja tu, na hiyo kila mtoto wa Salatiga anafundishwa kabla hajajua kufunga vifungo vya shati.

Watu kumi na mmoja walioijaribu gemu walirudisha bakuli tupu. Wa kumi na mbili aliliuza.

Gading, mkuu wao, ambaye Wening humwita Mas, yaani kaka, akasema yatosha: Wening aweke mshale, la sivyo bibi aondolewe yeye na behewa lake.

"Nikiweka mshale, Mas Gading, huo si ujirani tena. Ni kupeleka vifurushi."

"Na usipouweka, una mlango uliochorwa ukutani."

Wakakubaliana kwamba Jumamosi anakuja mjaribu wa mwisho, na huyo akishindwa, bibi kwisha. Mchoraji wa timu akamuuliza Wening kama aagize chakula cha matanga kabisa. Wening akamwambia aagize, na asisahau pilipili, maana atakayekila ni yeye Wening, tena kwa furaha.

Jumamosi akaja Bu Kuntari, yaani Mama Kuntari, fundi cherehani wa sare za shule, mama wa watu wazima wawili, helmeti ya pikipiki kwapani. Ndani ya saa moja alikuwa amemuua kila anayeuawa, kinyozi akiwemo. Wening amesimama nyuma yake, hana ruhusa ya kusema neno. Gading amekunja mikono. Bu Kuntari akafika kwenye behewa, akala uji, akageuka kuondoka, akarudi mlangoni na bakuli. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Hiki chombo nakirudishaje kitupu?" akasema, kama anayeongea na cherehani yake. "Mama angening'oa masikio."

Akapekua mfuko wake ndani ya gemu. Hakuwa na chochote isipokuwa risasi nane. Akazitia zote bakulini, akabonyeza. Gemu ikaandika: *Hiki hakifai.*

Wening akahisi masikio yanawaka. Kosa lilikuwa lake. Aliruhusu chakula peke yake.

Bu Kuntari akazungusha kiti. "Mbak Wening, dada yangu, hakifai kwa nini? Mtu katoa vyake vya mwisho."

Kabla Wening hajajibu, Gading akadakia kwamba risasi si kitu cha kutia bakulini, bakuli hurudi na kitu cha jikoni. Bu Kuntari akamuuliza, dunia imekwisha, hilo jiko liko wapi? Mama yake aliwahi kurudisha sahani ya watu na kiberiti, na hakuna aliyenuna. Mchoraji akasema kwao ni sukari, ikikosekana hata majani ya ndimu. Gading akaapa kwamba mama yake alitia chumvi, chumvi tupu, na majirani wanamheshimu hadi leo. Chai ikapoa.

Wening akawaacha wachoke. Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Kwa hiyo bibi anabaki?"

Gading akatazama skrini, halafu dari inayovuja. "Anabaki. Lakini risasi hapana."

"Risasi ndiyo," akasema Bu Kuntari, ambaye kiti hakukiacha.

Wening akavuta kompyuta yake, akafungua orodha ya vitu mia mbili na kumi na vinne ambavyo mchezaji anaweza kubeba. Vyote vitapitiwa kimoja kimoja, kazi ya wiki nzima. Akaanza na risasi, akaziruhusu.

Bu Kuntari akarudi behewani, akatoa bakuli lenye risasi zake nane. Mlango ukafunguka. Bibi Sarinten akamkaribisha ndani, na yule mwuaji wa kinyozi akabonyeza kitufe cha kuweka bunduki chini, akakaa kusikiliza.

Mchoraji akatoka kwenda kuagiza chakula cha matanga. Chenye pilipili.