Panya Sita na Mdomo Mkavu wa Kaka Yangu

Kaka yangu mkubwa alipoanza kumeza dawa za akili, mama aliuhamishia mtungi wa maji chumbani kwake mwenyewe na kufunga mlango ili kaka asiufikie. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Kaka alikuwa akinywa tangu alfajiri, kata baada ya kata, na majirani zetu wa Magwagwa walisema ugonjwa umemshukia tumboni.

Mimi nilikuwa mtunza maabara katika shule ya upili upande wa Suneka. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi Nairobi kwa mtafiti aliyewapa panya weupe dawa za ubongo na kupima maji waliyokunywa. Nilisafisha vizimba na kusoma chupa. Kwa hiyo nilijiona najua. Nilimweleza mama kwamba kiu huanzia ubongoni, na dawa inayoingia huko yaweza kuiamsha. Alinisikiliza huku akimenya ndizi, kisha akasema mlango utabaki umefungwa.

Nilikwenda kliniki mjini Kisii, nikangoja kwenye benchi hadi saa saba mchana. Daktari aliisoma kadi ya kaka bila kuinua macho. Alisema wagonjwa wa aina hiyo hunywa maji ovyo, na watu wengine walikuwa wakingoja nje. Nilitoka kwa hasira.

Nikaamua kumpelekea daktari ushahidi. Shuleni tulikuwa na panya weupe sita wa masomo ya biolojia. Nilisaga vidonge viwili vya kaka na kuchanganya unga wake kidogo kidogo katika uji. Panya watatu walipata uji wenye dawa, watatu uji mtupu. Nilikaa nao Jumamosi nzima nikisoma alama za chupa kila saa, na mama, aliyeniona nimekosa kanisa siku hiyo, ambayo kwetu ndiyo Sabato, hakunisemesha kwa wiki moja.

Wale waliopata dawa hawakunywa. Walilala pembeni macho nusu wazi, ilhali chupa za wenzao zilikuwa zikipungua. Jumapili nilirudia. Ikawa vilevile. Nilitaka kuzitupa zile chupa dirishani. Kumbe Nairobi hakuna aliyewahi kuniambia kizimba kipi kilipata dawa ipi. Nilisoma namba tu, nikarudi nyumbani nikijiita mjuzi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta kaka ameketi nyuma ya jiko. Kwa kukosa la kufanya, nilimwuliza kiu yake ikoje.

"Mimi sina kiu," alisema. "Mdomo ndio umekauka. Ulimi unanata juu. Nikinywa unalainika, halafu unakauka tena."

Nilimwuliza kwa nini hakutuambia.

"Nani aliniuliza?"

Miezi mitatu tulikuwa tukimjadili mbele yake kama ng'ombe mgonjwa. Dawa yenyewe huenda iliwaondolea panya hamu ya maji, au iliwalaza tu. Chupa zangu hazikuweza kunionyesha tofauti. Na panya mwenye mdomo mkavu hawezi kukueleza.

Siku hiyo mama, aliyetusikia kutoka jikoni, aliufungua mlango. Kliniki ilituchukua safari tatu zaidi: mara daktari hayupo, mara kadi imepotea. Safari ya mwisho nilimwacha kaka aseme mwenyewe. Daktari alimsikiliza, akapunguza dawa na kumwambia atafune miwa.

Mdomo ulipata nafuu. Lakini kabla chai ya shambani kwetu haijachumwa mara nne, yapata miezi miwili, kaka alianza tena kujibu watu tusiowaona, kama kabla ya dawa. Nilitaka kurudi kugombana na daktari. Kaka alikataa. Alikwenda peke yake, akaomba arudishiwe vidonge vyote vya mwanzo, na tangu hapo akawa anapita shambani na kipande cha muwa shavuni, akitema makapi kando ya mistari ya chai.