Farasi wa Vidole Vitatu Aliyefunga Kisima Magu

Nilikwenda Magu kwa sababu niliitwa mtaalamu. Mstaafu akiitwa mtaalamu, hata na mtu anayemtania, hunyanyuka. Mimi nilinyanyuka nikavaa suti.

Aliyenipigia simu ni Masanja, mtendaji wa kijiji kimoja huko, ambaye zamani nilimfundisha baiolojia.

"Shikamoo Mwalimu. Huku tumekwama. Tulikuwa tunachimba kisima, tukakuta meno na mifupa iliyogeuka mawe. Nikaripoti. Ofisi moja huko mjini ikaandika barua kwamba tusimame, mtaalamu anakuja. Huu ni mwezi wa tatu."

"Na mtaalamu yuko wapi?"

"Ndiyo maana nakupigia wewe."

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Ratiba yangu wiki hiyo ilikuwa kumwagilia mchicha.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani Buswelu, pembeni mwa jiji la Mwanza, katika pikapu ya jirani yangu, ambaye hupeleka vifaranga Magu. Sisi watu wa Bukoba tunasemwa kwamba tukisoma kidogo lazima nchi nzima ijue. Napinga usemi huo, ingawa kabla hatujafika Kisesa nilikuwa nimeshamweleza jirani yangu jinsi ndege walivyotokana na wanyama wa kale wenye meno. Alisikiliza kwa heshima, akageuka kutazama makasha yake nyuma.

"Mwalimu," akasema, "hawa ni wa nyama tu."

Baada ya hapo tuliangalia barabara. Upande wa kushoto ziwa lilitokeza na kujificha nyuma ya mawe, na kulia pamba ilikuwa imeanza kupasuka.

Saa tatu Magu mjini, Masanja alinipokea kwa pikipiki. Tuliacha lami, tukapita majaruba ya mpunga, kisha njia ya ng'ombe ambayo iliitendea suti yangu mambo nisiyotaka kuyaeleza. Njiani tulipita lambo. Wanawake walikuwa wanachota maji upande mmoja, ng'ombe wanakunywa upande wa pili, na katikati maji hayakuwa na mpaka.

"Haya ndiyo tunayokunywa," Masanja akasema bila kugeuka. "Ziwani ni mbali, na kuna mamba."

Kwenye ofisi ya kijiji watu walikuwa wamejaa barazani wakinisubiri. "Mwangaluka!" nikawasalimu kwa Kisukuma changu chote, wakacheka, wakaitikia. Masanja akanitambulisha kwa sifa ambazo nyingine sikuzijua. Kisha akanionyesha mwanamke wa umri wangu aliyekaa kwenye kigoda, khanga kaifunga kiunoni kama mtu aliyetoka kazini na anayerudi kazini. Huyo alikuwa Mama Kabula Mayunga, mwenyekiti wa kamati ya maji. Mbele yake palikuwa na boksi la sabuni, na ndani ya boksi, juu ya pamba safi, mifupa.

Niliokota jino moja. Lilikuwa refu, zito, limegeuka jiwe jeusi. Naomba niseme ukweli hapa, maana sikuusema pale: nililitazama kwa muda wa mtu anayesoma bango akiwa anapita. Kulikuwa na joto, nilisikia harufu ya samaki wa kukaanga, na jirani yangu alikuwa ameniambia anageuza gari saa kumi.

"Ndugu wananchi," nikasema, "hili ni jino la punda." Nikaongeza maneno mawili ya Kilatini ili jambo liwe limekwisha. "Punda wa zamani kidogo, lakini punda. Endeleeni kuchimba kisima chenu."

Wakanipigia makofi. Masanja akatoa karatasi iliyokwisha kuandikwa na kugongwa muhuri, ikikosa saini tu ya mtaalamu. Nikatia saini. Ilikuwa saini nzuri.

"Mwalimu, naomba kuuliza," Mama Kabula akasema. "Huyu punda wako ana vidole vingapi?"

Watu wakacheka. Nikacheka nao, kwa upole wa msomi. "Mama, punda ana kwato moja kila mguu. Nadhani umewahi kumwona."

"Nimewafuga tangu nilipoolewa. Mnadani namfungua punda kinywa kabla sijamsalimia mwenye punda." Akaingiza mkono kwenye boksi, akapanga mifupa sakafuni mmoja baada ya mwingine: mfupa mrefu wa mguu, kwato ndogo ya jiwe mwisho wake, na kila upande kijifupa chembamba chenye kikwato chake, kifupi, kisichofika chini. Vidole vitatu. Kisha akatoa nyuma ya kigoda kitu nilichodhani ni kapu. Kilikuwa fuvu la punda wake aliyekufa kiangazi kilichopita.

"Sasa tazama meno ya juu. Huyu wangu, huu mkunjo mdogo hapa umeshikana na wenzake, kama rasi iliyoshikana na nchi kavu. Hili la shimoni, mkunjo umekatika, umezungukwa pande zote. Ni kisiwa. Ni Ukerewe kabisa." Akanitazama. "Labda mimi sijui kusoma punda."

Kwa miaka ishirini na sita, kila mwaka, nilichora ubaoni miguu ya farasi wa kale mbele ya kidato cha nne. Nilimchora hiparioni, farasi wa vidole vitatu aliyetembea nchi hizi wakati mababu wa binadamu wanajifunza kusimama, kisha akatoweka asibaki hata mmoja. Niliwachapa watoto waliosahau kidole cha pembeni. Masanja mwenyewe nilimchapa. Mnyama huyo nilimjua kwa chaki tu. Alipotoka ardhini akaja mbele yangu na vidole vyake vyote, nilimwita punda kwa sababu nilitaka kuwahi pikapu.

Masanja akanivuta pembeni, akanong'ona: "Mwalimu, saini ipo. Tukinyamaza, kesho tunachimba."

Nakiri nilinyamaza kidogo. Nilijiambia ni kwa ajili ya wanawake wa lambo, na sehemu moja ilikuwa kweli. Mama Kabula alikuwa na masikio mazuri.

"Maji nayataka kuliko ninyi wawili," akasema kwa sauti ya kawaida, kila mtu akasikia. "Mjukuu wangu ametoka zahanati juzi, tumbo. Lakini sikubali mtu atoke Mwanza aje kutudanganya. Wa kutudanganya tunao hapa hapa."

Hakuna aliyepiga makofi. Nikachukua karatasi mezani, nikaichana, nikasema nimekosea, huyu si punda, na kwamba aliyemtambua ni Mama Kabula. Nimesema mambo mengi mbele ya watu maishani. Hayo yalikuwa mafupi kuliko yote na yalinichosha kuliko yote.

"Kwa hiyo tumerudi kulekule," Masanja akasema, akakaa.

"Hiyo barua inasema nini hasa?" Mama Kabula akauliza.

Masanja akaitoa kwenye faili, akaisoma kwa sauti. Aya ya kwanza ilikataza kazi. Aya ya pili, ambayo inaonekana alikuwa hajaifikia kwa miezi mitatu, ilisema katazo linahusu "shimo lililotajwa" peke yake.

Kisha mzee mmoja akauliza polepole, "Kwa hiyo mashimo mengine ni ruhusa?"

Saa nane mchana shimo la farasi lilikuwa limefunikwa mabati na kuzungushiwa miiba ili mvua na mbuzi visiingie. Mama Kabula akatupeleka mahali ambapo nyasi hazikauki kiangazi, akachora duara kwa kisigino, watu wakaanza. Mimi nilipewa kazi ya kushika kamba ya kupimia. Niliishika vizuri, na hakuna aliyenisifu.

Baadaye nikaandika ripoti kwenye meza ya Masanja: kilichopatikana, mahali, na kina cha shimo. Nilipofika kwenye jina la aliyetambua mifupa, Masanja akaniinamia.

"Andika lako, Mwalimu. Yeye ni darasa la saba, hawatajibu."

Nikaandika la Mama Kabula. Na chini yake nikaandika kwamba mtaalamu wa kwanza kufika alisema ni punda.

Nilirudi Buswelu jua linazama, kwenye lori la mpunga, kwa kuwa pikapu ilikuwa imeniacha. Nilichojifunza safari hiyo si kipya: elimu isiyotazama ni kelele tu, hata ikivaa tai. Ubaya wake ni kwamba sentensi hiyo nami niliwahi kuwaandikia wanafunzi waichambue.

Maji yalipatikana wiki ya tatu. Baadaye kidogo Masanja alinipigia tena. Jibu la ripoti lilikuwa limefika, wataalamu wanakuja kweli, na barua imeandikwa kwa "Dkt. Kabula Mayunga", ikimwomba kwa unyenyekevu apange siku na saa. Masanja alikuwa anacheka hadi maneno yanakatika. Nikasikia Mama Kabula akimnyang'anya simu.

"Mwalimu, wajibu kwa Kiingereza chako kizuri. Waambie waje mchana. Asubuhi daktari yuko na ng'ombe."