Spika Mbili Zilizovaa Nailoni

Miaka ile ya tisini, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Mwanza yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia kwa waliosafiri tu, mimi nilinunua spika mbili. Zilikuwa nyeusi, zinanifika kiunoni, na zilikuja na kitabu cha maelekezo ambacho nadhani katika Ilemela nzima ni mimi peke yangu niliyekisoma hadi ukurasa wa mwisho. Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Mawimbi ya sauti nilikuwa nikiyafundisha kwa chaki tu, kwa hiyo nilijiona hatimaye nimepata vifaa vinavyonistahili.

Nyumba yetu ilijengwa juu ya mawe na sakafu yake iliinamia upande wa ziwa. Nilileta rula ndefu ya ubaoni, nikapima kutoka ukutani, nikapima kati ya spika na spika, nikaweka tofali chini ya kila moja na karatasi zilizokunjwa chini ya tofali la kushoto. Mahali pa kochi la kusikilizia nilipachorea alama sakafuni. Mke wangu alipolisogeza ili afagie, nilinuna mpaka jioni.

Jambo moja kitabu hakikulisema, labda kwa kuwa walioandika waliona halihitaji kusemwa. Spika zilitoka kiwandani zikiwa zimefunikwa nailoni gubigubi, nami sikuitoa. Nani angeitoa? Nailoni ndiyo iliyowaonyesha watu kwamba kitu ni kipya, si mtumba. Tena kuna wale wadudu wa ziwani wanaotanda kama moshi na kuingia hata kwenye chai. Juu ya nailoni mke wangu akatandika vitambaa alivyovifuma mwenyewe, vizito, vikining'inia mbele karibu hadi chini, na juu ya vitambaa akaweka maua ya plastiki. Wageni walisifu sana. Walisema tunajua kutunza.

Mwezi mmoja kabla ya Pasaka, Baba alivuka na kivuko kutoka Sengerema. Alikuwa akifundisha kwaya ya kigango chao tangu mimi sijaanza shule. Sasa viongozi wa kigango walikuwa wameanza kusema masikio yake yamechoka, na kijana mmoja mwenye kinanda cha betri alikuwa tayari kushika nafasi. Baba hakwenda hospitali. Alikuja kwangu, na mfukoni alikuwa na kaseti waliyorekodi wanakwaya wake.

"Wewe ndiye uliyesomea mambo ya sauti," aliniambia tulipomaliza kusalimiana. "Nipime. Ukisema nasikia, nitaendelea nao. Ukisema sisikii, nitawaachia."

Nilimkalisha kwenye kochi, pale pale penye alama, nikaweka kaseti. Alifumba macho, vidole vikipiga mapigo gotini. Ubeti wa pili ulipokwisha akafumbua.

"Kayamba siisikii."

"Ipo, Baba."

"Na wasichana wa sauti ya kwanza wanaimba kama wamejifunika shuka."

Hapo niliudhika. Mtu aliyepanga spika kwa rula hapendi kuletewa habari za shuka. Kusema kweli hata mimi kayamba sikuisikia, ila nilijua ipo, maana ni kwaya gani ya kigango isiyo na kayamba? Na spika zilikuwa mpya. Nikamweleza, kwa ile sauti yangu ya darasani, kwamba mtu akizeeka, sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kupotea. Hilo ni kweli, limo vitabuni. Nikamchorea hata mchoro nyuma ya bahasha.

Baba aliutazama muda mrefu.

"Basi sawa," akasema. "Afadhali nimeambiwa na mtoto wangu."

Kesho yake alivuka kurudi, na Jumapili iliyofuata akakabidhi kwaya.

Mvua za mwisho wa mwaka zilikuta nailoni imegeuka njano na kuanza kupasuka yenyewe. Mke wangu alikuwa amevua vitambaa ili avifue, nami nikaivuta ile nailoni yote ikatoka. Kaseti ya Baba ilikuwa bado iko kwetu. Niliiweka kwa kujaribu tu. Kayamba ikalia katikati ya sebule, kavu kabisa, nikasikia mbegu zikikimbia ndani yake. Wasichana nao walikuwa pale, hata pumzi wanazovuta kabla ya kuanza ubeti. Nilizima. Niliona aibu, aibu ya kweli, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumnunia.

Jumamosi nilipanda kivuko. Nilimkuta Baba nje ya nyumba akinoa jembe, nikamweleza yote, nailoni na vitambaa, bila kujitetea. Nilitegemea atafoka. Nadhani nilitaka afoke. Aliendelea kunoa.

"Siku ile," akasema baadaye, "mkeo alikuwa uani akichambua mchele. Nilikuwa nasikia kila jiwe analolitupa kwenye sahani."

"Sasa mbona hukusema, Baba?"

Akaweka jembe chini, akanitazama bila hasira yoyote.

"Nilikusomesha mimi mwenyewe, mwanangu. Ningekubishiaje?"