Nusu ya Neno la Siri

Katika ofisi zote za serikali pale Bairiki, kisiwani Tarawa, hakukuwa na mtu aliyependwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja kama Nei Makurita, yaani Bi Makurita. Alipendwa kwa sababu karibu kila karani wa Tarawa alifundishwa kompyuta na yeye. Alilaumiwa kwa sababu hiyo hiyo. Mashine ikigoma, hata kama kilichoigomesha ni mjusi aliyeingia ndani kutafuta joto akafia humo, jina lililoitwa kwanza lilikuwa lake.

Alizaliwa kisiwa cha Abaiang, binti wa mgema wa tembo la mnazi, na mama yake alifariki yeye angali mchanga. Akalelewa na shangazi yake, Nei Teretia, fundi wa kushona tibuta, zile blauzi za kina mama zenye marinda shingoni. Tibuta ndizo zilizomsomesha Makurita mpaka akafika chuo kikuu kule Suva. Alipomaliza alipata kazi nono hukohuko Fiji, akaiacha, akarudi nyumbani kwenye mshahara wa serikali. Watu wakasema msichana karogwa. Hakurogwa. Alitaka tu kuona watu wa kwao wakiendesha mambo yao kwa mikono yao, na akitaka jambo alikuwa king'ang'anizi kweli.

Alifundisha kwa namna yake. Umeme ukikatika, na Tarawa umeme hukatika ukijisikia, alichora vibonye juu ya maboksi ya biskuti na darasa likaendelea, watu wazima wakigonga karatasi kwa vidole huku jasho likiwatiririka. Mzee Ioane, karani aliyekaribia kustaafu, alikuwa akikiinua kipanya hewani na kukielekeza kwenye kioo kama rimoti ya televisheni.

"Hakisikii hiki," alilalamika. "Labda kimezoea Kiingereza."

"Kishushe mezani, baba. Kikune mgongo taratibu."

Makurita hakumcheka mwanafunzi hata mara moja. Alisubiri afike nyumbani, akacheka mpaka machozi. Baada ya miezi kadhaa Mzee Ioane alikuwa akiwasahihisha wengine, na kwa majivuno yasiyo na kiasi.

Kazi yao kubwa, yeye na kundi lake, ilikuwa orodha ya zamu. Vijana wa visiwa vyote wanataka kwenda Australia kuchuma matunda, na nafasi ni chache. Zamani majina yalikaa kwenye karatasi ndani ya makopo ya biskuti, nusu yameliwa na unyevu. Akina Makurita wakaunda mfumo wao wenyewe, hawakuununua popote. Mtu akiwa kisiwa cha mwisho kabisa kusini, anapiga simu kwa karani wa kisiwa chake na kuambiwa zamu yake imefika wapi. Aliyetangulia kujiandikisha anatangulia kuondoka. Ukitaka kujua serikali inayowaheshimu watu inafananaje, ilikuwa mle ndani ya ile orodha.

Tatizo likawa bubuti. Ndugu akikujia na kukwambia kwa jina hilo kwamba anaomba kitu, huna pa kutokea. Iwe baiskeli, iwe nguruwe, iwe shati ulilovaa, unavua. Kumnyima ndugu ni aibu itakayotajwa mpaka kwa wajukuu wako. Basi wifi wa karani mmoja akaja akaomba neno la siri la orodha, "niangalie tu zamu ya mdogo wangu." Akapewa. Binamu wa wifi akamwomba wifi. Mwisho lile neno likatembea mpaka kwenye bingo ya jioni, na wenye utani wakasema limetangazwa pale kabla hata ya namba za mchezo. Majina yakaanza kupanda na kushuka yenyewe usiku kucha.

Siku moja akatokea baba mmoja wa kisiwa cha Tamana. Alikuwa ameambiwa zamu yake imefika, akawauza nguruwe wake, akapanda meli. Alipofika ofisini, jina lake lilikuwa mkiani. Hakugomba. Alikaa kwenye kibaraza cha ofisi na begi lake mapajani akitazama barabara. Makurita alimwona dirishani, akaingia chooni, akajifungia, akalia kwa hasira na uchungu.

Serikali ikamleta mshauri kutoka nje, bwana mpole, akawaandikia sera nzuri iliyonyooka: ni marufuku kumpa mtu yeyote neno la siri. Makarani wote wakatia saini. Kabla ya chakula cha mchana neno jipya lilikuwa limeshafika sokoni. Hakuna aliyefanya kwa ubaya, jamani. Kati ya saini na shangazi, nani ashindwe?

Katibu wa wizara, Ten Tokataake, yaani Bwana Tokataake, akamwita Makurita.

"Nimechoka, dada. Orodha inaondoka. Kuna kampuni ng'ambo itatutunzia. Wale hawana binamu huku."

"Na sisi tulioijenga?"

"Mtapewa kazi nyingine."

"Katibu, tukishindwa kutunza majina ya watoto wetu wenyewe, hiyo kazi nyingine ni ipi? Kufagia?"

Katibu akakuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Wawakilishi wa visiwa wanakutana kwenye ukumbi wa maneaba mwisho wa mwezi. Ukija na kitu kinachofanya kazi, nitakisikiliza. Usipokuja nacho, natia saini palepale."

Jumapili Makurita alikwenda kwa shangazi yake, hapohapo Tarawa, moyo mzito. Walikuwa wamekaa kwenye buia, kile kibanda cha jukwaa kisicho na kuta, wakila samaki na babai, magimbi ya kinamasini, jirani akaja kuazima cherehani, kile cha kuzungusha kwa mkono. Nei Teretia akaitikia kwa furaha.

"Chukua, mwanangu, chukua! Kile pale. Ila mkono wake sinao hapa."

"Uko wapi?"

"Uko kwa Nei Akoia, yule wa Tabiteuea."

Jirani akakitazama cherehani kisicho na mkono, akashukuru, akaenda zake mikono mitupu. Nei Akoia alikuwa mtu wa kisiwa kingine, si ndugu yake, wala hawakusali kanisa moja, angemwombaje? Hakuna aliyenyimwa na cherehani hakikutoka. Makurita alikuwa ameuona mchezo huo tangu utotoni na hakuwahi kuufikiria. Siku hiyo babai ilimkwama kooni.

"Una nini wewe? Umemeza mwiba?" shangazi akauliza.

"Sina kitu, shangazi. Nimeshiba."

Akarudi ofisini mbio, na kwa wiki nzima yeye na wenzake hawakupumua. Sera waliyoiandika haikuwa na neno marufuku hata mahali pamoja. Ilisema hivi: kusoma orodha ni ruhusa kwa kila mtu, lakini kubadilisha zamu kunataka neno la siri lililokatwa vipande viwili. Kila kipande kina mtu wake, na watu hao wasiwe wa kisiwa kimoja, wala ukoo mmoja, wala kanisa moja. Aliyeombwa na ndugu yake atoe kipande chake bila kinyongo, kisha aseme ofisini kwamba ameombwa, na kipande kibadilishwe asubuhi yake. Yule mshauri mpole alipoisoma alicheka, akaisoma tena, kisha akawasaidia kuipanga vizuri. Kwa majaribio, kipande cha kwanza akapewa Makurita mwenyewe. Cha pili akapewa Koriri wa Tabiteuea, mtu mkavu asiyejua kutabasamu kabla ya saa nne.

Haukupita muda, jaribio likaja, tena kutoka asikotarajia. Nei Teretia alifika nyumbani kwake amebeba bakuli la babai iliyopondwa na kamaimai, ile asali ya mnazi. Makurita alipoliona bakuli tu, alijua.

"Makurita, mwanangu, sijawahi kukuomba kitu."

"Hujawahi, shangazi."

"Leo nakuja na bubuti. Ruateki mwanangu amesubiri mpaka amechoka. Mkewe ana mimba. Na mimi macho yamekwisha, wala sioni tena tundu la sindano. Nani atatulisha? Wewe ndiye mwenye ile kompyuta. Nipe hiyo paswedi, kuna kijana wa kanisani anajua kubonyeza."

Makurita akalipokea bakuli, akaliweka chini. Huyu ndiye aliyemnyonyesha kwa chupa, aliyekesha akishona ili yeye avae viatu vya shule. Akamkumbuka na yule baba wa Tamana na begi lake mapajani. Akachukua karatasi, akaandika, akampa kwa mikono miwili kama inavyopasa.

"Hii hapa, shangazi. Ndicho nilicho nacho."

Uso wa Nei Teretia ukang'aa. "Nilijua tu! Nilimwambia Ruateki, mtoto wangu yule hawezi kuniangusha."

"Ila ni nusu."

"Nusu ya nini?"

"Ya paswedi. Nusu nyingine sinayo. Iko kwa Koriri."

"Koriri yupi?"

"Wa Tabiteuea."

Nei Teretia akaitazama ile karatasi kwa muda, ameisogeza karibu na pua. Akaikunja, akaitia kifuani, akasimama. Hakuaga. Bakuli aliliacha palepale, na babai ile Makurita hakuweza kuila. Asubuhi yake akaripoti ofisini kwamba ameombwa, jina hakulitaja, na kipande chake kikabadilishwa. Siku zilizofuata alituma salamu kwa shangazi yake, hazikurudi. Jumapili akaenda, akakuta mlango umefungwa na cherehani kinasikika ndani kikizunguka polepole, kikisimama na kuanza tena. Akarudi akilia njia nzima, mtu mzima mwenye shahada.

Siku ya mkutano maneaba ilijaa. Wajumbe walikaa juu ya mikeka, kila kisiwa mahali pake, na kina mama wa Tarawa nyuma yao. Makurita alieleza mpango wake kwa sauti ya kawaida. Wazee wakatikisa vichwa, wengine kwa kukubali, wengine kwa usingizi. Ten Tokataake akainua mkono.

"Maneno ni matamu. Ile sera ya kwanza nayo ilikuwa tamu. Nataka kujua kitu kimoja tu. Hii imejaribiwa? Kuna mtu kaja na bubuti ya kweli, ikashikilia?"

"Imejaribiwa."

"Na nani?"

Makurita akafunga mdomo. Kumtaja kungeuokoa mpango wake wote. Kungemvua nguo pia, mbele ya visiwa vyote, mama aliyemlea. Akatazama mkeka. Katibu akasubiri, akapumua, akaichukua kalamu yake.

"Kama hakuna wa kumtaja, basi..."

"Na mimi!"

Watu wote wakageuka. Nei Teretia alikuwa amesimama kule nyuma, tibuta yake nyekundu, mkono mmoja ameshika bega la jirani.

"Nimejaribu mimi. Nilikwenda kwa mtoto wangu huyu na bubuti, nikitaka mwanangu awaruke watoto wenu. Ndiyo, nicheke, wewe wa Beru, kana kwamba wewe hukwenda kwa wifi yako! Akanipa chote alichokuwa nacho. Hakuninyima. Na hakikunitosha." Akatoa kifuani ile karatasi iliyokunjwa. "Nikakasirika siku nyingi. Halafu juzi nakwenda kwa Akoia kuchukua mkono wa cherehani changu, nikasimama katikati ya njia. Nikasema, we Teretia, mtoto kakuibia ujanja wako mwenyewe."

Maneaba ikalipuka kwa kicheko. Hata Koriri alitabasamu, na saa nne ilikuwa bado. Nei Teretia hakukaa. Akasubiri kicheko kiishe, akamtazama katibu.

"Tokataake. Bibi yako mzaa baba ni nani?"

Katibu akababaika. "Ni Nei Tabera, bibi."

"Wa Abaiang. Na Tabera na mama yangu walinyonya ziwa moja. Basi wewe ni damu yangu, na watu wote hawa wanasikia. Nakuja kwako na bubuti. Naomba orodha yetu ibaki nyumbani."

Ten Tokataake alitazama huku na huku akitafuta mtu wa Tabiteuea wa kumkabidhi nusu ya jibu, lakini hata Koriri akatazama pembeni. Akarudisha kalamu mfukoni.

"Bibi, umenimaliza," akasema. "Inabaki."

Watu walipotawanyika, Makurita alimfuata shangazi yake nje, kwenye mwanga ule mkali wa mchanga mweupe, asijue aanzie wapi.

"Shangazi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Ulininyima nini?" Nei Teretia akamshika mkono, akauegemea. "Ruateki atakwenda zamu yake ikifika. Twende nyumbani ukanitie uzi kwenye sindano, nina tibuta za watu sijazimaliza."