Wana Kitu

Kikundi cha dufu cha mtaani kwetu kilipochukua tena kombe la Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, alikuja kijana wa redio kuuliza siri ya ushindi. Alifikia barazani kwangu, kwa sababu mume wangu ndiye aliyekuwa mwalimu wa kikundi na mazoezi yalikuwa yakifanyika uani kwetu. Lakini aliyejibu ni mwenyekiti. Aliweka kofia sawa, akakohoa, akasema siri yetu ni nidhamu, umoja na kumtanguliza Mungu. Mume wangu alipoulizwa kama ana la kuongeza, akasema hana. Mimi nilikuwa ndani nachuja chai, nikacheka mpaka chujio likaniponyoka.

Nidhamu! Mwenyekiti yule hajawahi kukaa kwenye mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho. Alikuwa akitokea chai inapomiminwa, anauliza mnaendeleaje, anatia andazi mdomoni na jingine mkononi, anatuombea baraka na kwenda zake. Kamati yake nzima ilikuwa hivyo hivyo. Walichokijua ni kupanda jukwaani kupokea kombe, na hilo walilifanya vizuri, sikatai.

Siri yenyewe, kama kweli ni siri, nimeishi nayo ndani ya nyumba na inachosha. Mume wangu si mtu wa kusifiwa kwa mengi. Mlango wa choo chetu ulilegea mtoto wetu mkubwa hajaanza kutambaa, na kila nikimkumbusha atautengeneza kesho. Lakini kwenye dufu habembelezi mtu. Anayejiunga na kikundi hapewi dufu. Hupigishwa magoti mkekani, akapiga mapaja yake mwenyewe kwa viganja na kuyumba na wenzake, wiki baada ya wiki, mpaka hamu ya kuonekana imtoke. Wengi hukimbia hapo. Wanaobaki hupewa dufu, na hata hapo kasida husimamishwa katikati kwa sababu mmoja katika safu nzima kawahi. Sikusema kachelewa. Anayechelewa mume wangu humvumilia, kwa kuwa huyo anawasikiliza wenzake. Anayewahi anataka asikike peke yake, na huyo hutupwa mwisho wa safu, awe mtoto wa nani.

Kilichonikera zaidi ni siku ya pili baada ya ushindi. Watu wengine wakishinda hupika pilau. Yeye, alasiri hiyo hiyo, mikeka imeshatandikwa uani na wapigaji wanaanza upya kama walioshindwa. Wakati wa kula anagonga sinia kwa vidole, anatafuta mahali palipoharibika jana, na jana hakuna aliyesikia kilichoharibika, waamuzi wenyewe hawakusikia. Nikimuuliza, "Si mmeshinda?" hunijibu, "Tumeshinda, lakini hatukupija sawa." Mchuzi unapoa, yeye anagonga tu.

Basi ndiyo hayo, na hakuna zaidi. Lakini kisiwani kwetu jibu kama hilo halimtoshi mtu. Vikundi vilivyoshindwa vilisema sisi tuna kitu. Mara tumekizika uwanjani Gombani, mara tumekishonea ndani ya ngozi za madufu. Hilo halikunisumbua, maana aliyeshindwa lazima apate la kusema ili alale. Kilichonishangaza ni kamati yetu wenyewe kuamini. Mwenyekiti alikuwa akitembea na kifurushi cha mvuje wa kukinga mahasidi ndani ya mfuko wa kanzu, tukienda mashindanoni gari zima linanuka, na kila tukitangazwa washindi anakipapasa. Wapigaji wamechubuka magoti, yeye anashukuru mvuje.

Kisha akaja mpwa wake kutoka Maskati. Kijana wa manukato mazito na simu isiyotoka mkononi. Aliwanunulia wapigaji wote kanzu zilizodariziwa shingoni, na mimi mwenyewe nilizisifu, zilikuwa nzuri. Halafu akasema atakaa safu ya mbele, katikati, ndipo kamera zinapoelekea. Mume wangu akamkaribisha mkekani na kumwambia apige mapaja. Siku ya kwanza alipiga huku akitazama simu. Siku ya pili alituma salamu. Miezi michache kabla ya mashindano, mume wangu akamwambia mwenyekiti kwamba huyu kijana hawezi kumpanga.

Kamati ikaja barazani, wote wamevaa vizuri, wakanywa chai yangu kwanza. Kisha mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tumekaa kitako tukaona upumzike."

Nalichukia neno hilo. Mtu hakuomba kupumzika, hakusema kachoka, anakuja mwenye tumbo la maandazi kumpumzisha. Wakaeleza kwamba wamempata mtaalamu kutoka Unguja mwenye mitindo ya kisasa, na mazoezi yatahamia kwa mwenyekiti. Mume wangu akasema, "Sawa." Ikabidi nitoke mimi mlangoni na kuuliza, na kikundi kikishindwa je?

"Bi, hichi kikundi hakishindwi," mwenyekiti akanijibu kwa upole, huku mkono uko mfukoni. "Kina kitu."

Baada ya siku hiyo nyumba yangu ilinyamaza. Mume wangu alikula akanawa, hakugonga sinia. Alirudi kazini, akasali, akalala. Uani mikeka ilibaki imekunjwa na kuku wakaipanda. Siku moja nikamkuta na nyundo anatengeneza mlango wa choo, na hapo ndipo nilipoogopa kwamba mume wangu ananifia. Nilimchukia mwenyekiti chuki ya kweli, na sioni haya kuiandika.

Mimi kwetu ni Kojani, kisiwa cha wavuvi ng'ambo ya maji. Kamati ilikuwa ikijua hivyo na haikuchoka kunitania kwamba Wakojani hawajui dufu, wanajua pweza tu. Basi kaka yangu alivuka kuja kutuletea samaki, akamkuta shemeji yake kajiinamia.

"Shemegi," akasema, "kwetu vijana wana madufu, ntu wa kuwafundisha hawana. Kwa nini weye unakaa bure?"

Mume wangu akauliza, "Watakubali kupiga magoti wiki nyingi bila dufu?"

"Wavuvi hao. Magoti wanayo."

Akaanza kuvuka kila Ijumaa baada ya sala. Anarudi kalowa hadi magotini, ananuka samaki. Nilimuuliza wakoje, akasema wabaya. Wiki iliyofuata nikamuuliza tena, akasema wabaya, lakini wanakuja wote. Kisha siku moja tunakula mchana, nikasikia vidole kwenye sinia. Niliinuka kwa kisingizio cha chumvi, nikaenda kulia jikoni.

Kamati ilikuwa na habari kwamba anakwenda Kojani. Walidhani anafuata samaki. Wao walikuwa wameshughulika na mtaalamu, ambaye alikuja na filimbi na kuwafundisha wapigaji kuinuka, kugeuka, kurusha dufu juu na kulidaka. Video zake zilijaa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kila mtu anatia maua na vidole gumba. Mimi pia nilitia ua moja, nisionekane nina kijicho.

Siku ya Gombani nilikaa jukwaani na mume wangu, mbali na kamati. Kikundi cha mtaani kwetu kiliingia kwa shangwe, kanzu zinameremeta, mpwa wa Maskati katikati ya safu ya mbele. Walipiga magoti, kasida ikaanza, na mpwa akawahi. Mtu mwingine asingejua. Mimi nilijua, maana nimeliwa miaka yangu na jambo hilo. Nyuma yake walikuwemo wale wa zamani, waliofundishwa kusikilizana, na sasa hawakujua wamsikilize nani. Nusu wakamfuata yeye, nusu wakawangoja wenzao. Kutoka hapo waliinuka, wakageuka, wakarusha, na kila mmoja akadaka kwa wakati wake. Nililia kidogo kwa ajili yao, kwa sababu walikula maandazi yangu miaka mingi na hawakuwa wapigaji wabaya.

Kojani waliingia na kanzu za weupe wa kila namna, ya mmoja imeishia juu ya vifundo. Ngozi zao walikuwa wamezipasha nyuma ya ukuta kwa moto wa makumbi ya nazi, na madufu yalilia kavu. Hawakurusha kitu. Walipiga magoti, wakayumba, na sikumwona mtu, niliona safu. Hata sauti ya dufu la mpigaji mmoja hungeweza kuitenga na sauti za wengine. Kombe likapanda jahazini kwenda Kojani.

Nikamuuliza mume wangu, "Wamepija sawa?"

"Wa safu ya tatu kawahi," akasema.

Baada ya siku chache kamati ikarudi barazani kwangu, adhuhuri. Chai hawakuinywa. Mwenyekiti alikuwa amevimba kwa hasira. Akasema, "Haiwezekani! Wavuvi wale, kanzu zile! Mtaalamu tunaye, mpwa wangu kajitolea vile, na mvuje nilikuwa nao mwenyewe." Akaniinamia, akashusha sauti. "Bi, weye wa kwao. Tuulizie kwa wema. Wale Wakojani wana kitu?"

"Wanacho," nikamwambia.

Wakasogeza viti. Mwenyekiti akashika mfuko wake, kama anaogopa mvuje utasikia.

"Wamekizika wapi?"

"Hawajakizika," nikasema. "Kimelala chumbani kwangu, kinakoroma. Punguzeni sauti, kesho Ijumaa, kina mazoezi."