Usingizi Kando ya Mawese

Mama mkwe wa Jovita husinzia mchana kweupe kando ya sufuria ya mawese, mwiko mkononi, kidevu kifuani. Hapo uani kwao Ujiji watoto wagombane, redio ya jirani ivume, yeye kauchapa usingizi. Lakini maji yakikauka ndani ya mafuta na sufuria ikaacha kutokota, hufumbua macho papo hapo, akaepua kabla hayajaungua.

Leo Jovita anamenya mihogo na kulalamika peke yake juu ya mumewe, aliyekwenda kuvua Kagunga na simu hapigi tena. Anayasema yote, maana mwenye mwana amelala. Kisha anakatiza maneno, anajifuta machozi kwa upindo wa khanga.

Sufuria bado inatokota. Mama mkwe anafumbua macho.

“Mbona umenyamaza, mwanangu?”